Tom Bullock: Fundi wa Kokteli Aliyefanya Glasi ya Rais Mstaafu Kufika Kortini

Wikendi ikifika hapa Mukuru kwa Njenga, risto huwa zile zile. Msee ametoka mboka Industrial Area, ameoga, mfukoni kuna ganji kidogo ya kibarua cha wiki, na mbogi inauliza rada ni gani. Wengine wanaenda kucheki mechi, wengine wanapanda Pipeline, wengine wanachanga pesa ya mzinga mmoja wanywee keja. Na siku hizi kila mtu ashaona kwa simu zile kokteli za Westlands: glasi nzito, barafu moja kubwa, ganda la chungwa juu, na bei inayoweza kumeza ngiri yako kabla hujakaa vizuri kwa kiti. Swali linalofuata ni rahisi tu. Kwani hii kitu mtu hawezi kujitengenezea kwake?

Anaweza, tena bila presha. Lakini kabla uanze kuvunja barafu, kuna msee lazima umjue. Aliitwa Tom Bullock. Alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, na ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza anayejulikana kuchapisha kitabu cha kokteli. Glasi aliyoitengeneza kwa mikono yake ilifika kortini, ikaandikwa na magazeti, na aliyekuwa akihojiwa juu yake alikuwa rais mstaafu wa Marekani. Na hapo ndipo stori inakuwa tamu, kwa sababu rais huyo alikuwa amepita hapa kwetu miaka minne tu kabla ya hiyo kesi.

Kaa chini. Stori kwanza, halafu tunaingia jikoni.

Mtoi wa Louisville

Tom alizaliwa mwaka wa 1872 katika jiji la Louisville, jimbo la Kentucky. Utumwa ulikuwa umefutwa Marekani nzima mwisho wa 1865, yaani miaka saba tu kabla azaliwe. Fathe yake alikuwa mtumwa kabla apigane upande wa jeshi la Kaskazini kwa ile vita ya wenyewe kwa wenyewe. Lakini usidhani uhuru ulikuja na kila kitu. Kentucky yenyewe ilikataa kuidhinisha mabadiliko ya katiba yaliyofuta utumwa, na ikakaa hivyo hadi 1976. Sheria ilipita bila wao, wakalazimika kuifuata tu.

Sasa Kentucky ni nyumbani kwa wiski inaitwa bourbon. Ukiisikia jina unaweza kudhani ni kitu cha ajabu sana, lakini msingi wake ni mahindi. Kwa sheria ya Marekani ya leo, bourbon lazima zaidi ya nusu ya nafaka yake iwe mahindi, na ikishatoneshwa ilazwe kwa pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Hiyo rangi ya dhahabu unaona inatoka kwa mbao, si kwa dawa. Kuchachusha, kuchemsha, kunasa mvuke, kuupoesha urudi kuwa maji makali: hiyo kazi mathe wengi wa mtaani wanaijua bila kufundishwa na mzungu yeyote. Tofauti kubwa ni pipa, muda na kipimo.

Kijana mweusi wa Louisville wakati huo hakuwa na milango mingi. Reli, hoteli, klabu za matajiri: unabeba mizigo, unafungua mlango, unapeleka glasi. Tom aliingia Pendennis Club, klabu ya wadosi wa jiji iliyoanzishwa 1881. Alianza chini kabisa kama kijana wa kutumwa, akapanda hadi nyuma ya kaunta. Wanachama walikuwa wazungu wenye mali. Waliosimama na trei walikuwa watu weusi.

Hiyo klabu ina jina kubwa kwa sababu moja: wao hudai kwamba kokteli ya Old Fashioned ilizaliwa pale kwao. Ni stori poa ya kupigia wageni, ila tarehe zinakataa. Tayari mwaka wa 1806 gazeti moja la Hudson, jimbo la New York, lilikuwa limeeleza kokteli ni nini: pombe kali, sukari, maji na matone ya dawa chungu ya mitishamba. Hiyo ni Old Fashioned bila jina lake. Na kufikia 1880, mwaka mmoja kabla klabu ifunguliwe, gazeti la Chicago lilikuwa likitaja kokteli za mtindo wa zamani. Kilichotokea ni kwamba wahudumu walianza kuongeza madoido mengi kwa glasi, wazee wakachoka, wakaanza kuitisha ile ya zamani. Jina likashika.

Kwa hivyo Tom hakuvumbua Old Fashioned, na hakuna haja ya kumpa sifa ambayo si yake. Sifa yake iko kwingine.

Kutoka Kentucky hadi St. Louis

Baadaye Tom alihamia St. Louis, jimbo la Missouri, akawa fundi wa vinywaji pale St. Louis Country Club. Huko nako wanachama walikuwa wale wenye benki, wenye viwanda, wenye farasi wa polo. Mmoja wao alikuwa George Herbert Walker, mtu wa benki. Kama hilo jina linakupiga kengele, hujakosea: ni babu wa George H. W. Bush, na babu mkuu wa George W. Bush. Marais wawili wa Marekani wametoka kwa hiyo familia, na mzee wao alikuwa mteja wa Tom.

Kitu ambacho Tom alikuwa akisifiwa zaidi ni Mint Julep. Hiki ni kinywaji cha Kentucky: bourbon, sukari, maji kidogo, barafu iliyopondwa, na majani ya minti. Jina lenyewe limesafiri kuliko matatu ya Embakasi. Limetoka Uajemi, ambako gulab ni maji ya waridi, likapita kwa Waarabu likawa julab, likafika Ulaya kama kinywaji kitamu cha kumezea dawa, halafu Wamarekani wa Kusini wakamwaga pombe ndani.

Sasa fikiria hali. Ndani ya klabu, wadosi wanamuita Tom kwa jina na kungoja zamu. Nje ya lango, mwezi wa Februari 1916, wapiga kura wa St. Louis walipitisha sheria ya kuwazuia watu weusi kuhamia mitaa yenye wazungu wengi. Louisville, alikozaliwa, ilikuwa na sheria kama hiyo tangu 1914. Ni Novemba 1917 ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta ile ya Louisville, na hiyo ikaangusha za miji mingine. Yaani mkono wa Tom ulikubalika kugusa glasi ya mdosi, lakini mguu wake haungekubalika kupanga nyumba kando yake.

Wasee wa Nairobi hawahitaji kufafanuliwa hii kitu. Muthaiga Country Club ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya, Desemba 1913, na Mwafrika aliingia pale akiwa amebeba trei. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilikuwa imewajengea Waafrika ukumbi wa pombe Pumwani, ambapo baraza la jiji ndilo lilipika busaa na kukusanya faida, huku mathe akipika yake mwenyewe anakamatwa. Pombe kali za chupa zilikuwa za mzungu. Wewe ulikuwa wa kuosha glasi.

Rais, reli ya Embakasi na senti 6

Turudi kwa yule rais. Theodore Roosevelt alimaliza muhula wake Machi 1909, na mwezi uliofuata akashuka Mombasa na mwanawe Kermit kwa safari ya uwindaji. Walipanda treni ya kuja bara, yeye amekaa kwa kiti kilichofungwa mbele kabisa ya injini ili aone wanyama vizuri. Alianza kuwinda nyanda za Kapiti na Athi, ile nyika ambayo sisi tumeijaza mabati, godauni na flati. Reli ya Mombasa kuja Nairobi ndiyo hii inayopita upande wetu. Kwa hiyo safari, yeye na Kermit walipiga wanyama 512.

Alirudi Marekani, akataka urais tena mwaka wa 1912 kwa chama kipya. Kampeni ikawa chafu. Oktoba 12, gazeti dogo la Iron Ore kule Michigan, la mhariri anayeitwa George Newett, likaandika kwamba Roosevelt ni mwongo, anatukana, na hulewa mara kwa mara. Siku mbili baadaye, tarehe 14, mtu alimpiga risasi kifuani akiwa Milwaukee. Akapona. Kura akashindwa. Lakini ile stori ya ulevi haikumtoka rohoni, akampeleka Newett kortini akidai dola 10,000.

Kesi ilisikizwa mji wa Marquette, Michigan, Mei 1913. Roosevelt akapanda kizimbani na kuanza kuhesabu karibu kila tone alilowahi kunywa maishani. Akasema bia haipendi. Akaongea juu ya safari yake ya huku Afrika na brandy iliyokuwa imebebwa, akaapa alitumia kidogo sana. Akakubali kwamba akiwa Ikulu alikuwa akinywa Mint Julep mara chache kwa mwaka. Halafu akataja moja aliyopewa St. Louis, kwenye ile klabu. Hiyo, akasema, alionja kidogo tu, hakuimaliza.

Hapo ndipo St. Louis ilicheka. Gazeti la jiji hilo, Post-Dispatch, likaandika tahariri ya kumkejeli rais mstaafu. Hoja yao ilikuwa moja: haiwezekani binadamu aonje julep ya Tom halafu aiweke chini ikiwa bado iko nusu. Kama Roosevelt alisema hivyo chini ya kiapo, basi ndio ushahidi wake wote uangaliwe mara mbili. Ilikuwa mzaha, lakini ndani ya mzaha kulikuwa na heshima kubwa. Mtu mweusi ambaye hakuitwa kortini, hakuulizwa kitu, kazi yake ndiyo iliyotumika kupima ukweli wa aliyekuwa mkubwa wa nchi.

Newett mwisho alikosa mashahidi wa kuthibitisha madai yake, akayaondoa mbele ya korti. Roosevelt akasema hataki pesa, alitaka jina lake lisafishwe tu. Akapewa senti 6. Tom hakupewa kitu, lakini jina lake lilikuwa limetoka nje ya kuta za klabu.

Kitabu cha 1917

Miaka minne baadaye, 1917, Tom akatoa kitabu chake. Kinaitwa The Ideal Bartender. Dibaji iliandikwa na yule yule George Herbert Walker, akieleza kwamba amemjua Tom kwa miaka mingi na kumsifu kazi yake. Ndani kuna picha ya Tom mwenyewe. Kwa 1917, kuweka sura ya mtu mweusi mbele ya kitabu cha ufundi, akiwa ndiye mwalimu na wazungu ndio wanafunzi, si jambo dogo. Julai ya mwaka huo huo, ng'ambo tu ya mto, mji wa East St. Louis, makundi ya wazungu yalivamia mitaa ya watu weusi, yakachoma nyumba na kuua makumi ya watu.

Kitabu chenyewe hakina maneno mengi. Kokteli moja, mistari michache: tumia glasi gani, weka nini, kiasi gani, koroga ama tikisa, mpe mtu. Hakuna kujigamba. Na kimetolewa kwa wale wanaopenda vyumba vya klabu, ili wajifunze kujitayarishia wenyewe kitu kizuri. Hiyo ndiyo sababu leo msee wa Wape Wape anaweza kufungua maelekezo ya fundi wa klabu ya mabilionea na kuyafuata akiwa amekaa kwa kitanda.

Mafundi wengi hawakutaka siri zao zijulikane. Wengi zaidi, hasa weusi, walikufa nazo kwa sababu hakuna aliyewauliza. Tom alipima, akaandika, akaweka jina lake.

Na aliwahi kwa wakati. Januari 1920, Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe nchi nzima. Ufundi wake ukageuka kuwa uhalifu akiwa na miaka 47. Marufuku ilidumu hadi Desemba 1933. Tom aliishi hadi 1964, akafariki akiwa amepita miaka 90, mwaka ule ule Marekani ilipitisha sheria ya haki za kiraia iliyofuta ubaguzi kwenye hoteli, mikahawa na sehemu za umma. Kitabu kilipotea machoni pa watu kwa muda mrefu, hadi kikachapishwa tena 2001 kikiwa na kokteli zake 173. Leo fundi yeyote wa baa anayejiheshimu, kutoka New York hadi Nairobi, anajua jina lake.

Kilichoingia wakati kipimo kilipotoka

Sasa hapa tusikilizane vizuri, maana hii sehemu inatuhusu sisi moja kwa moja.

Wakati wa marufuku, watu hawakuacha kunywa. Waliacha tu kujua wanakunywa nini. Wauzaji wa magendo walikuwa wakiiba spiriti ya viwandani, na serikali ya Marekani ikaamuru spiriti hiyo itiwe sumu zaidi, ikiwemo methanoli, ili isinyweke. Watu wakainywa bado. Wengi walikufa, wengine wakapofuka.

Hii si stori ya mbali. Novemba 2000, hapa Mukuru, kwa Njenga na Kaiyaba, watu walikunywa kumi kumi iliyokuwa na methanoli. Zaidi ya watu 100 walikufa ndani ya siku chache. Mamia walipelekwa hospitali. Wengine waliamka asubuhi wakadhani bado ni usiku, kumbe macho yameenda. Wakati huo chang'aa yote ilikuwa imeharamishwa kwa sheria ya 1980, kwa hivyo hakuna aliyepima, hakuna aliyekagua, hakuna aliyeandika chochote kwa chupa. Iliuzwa shilingi kumi glasi, na kwa mtu aliyetoka kubeba mizigo siku nzima, hiyo ndiyo bei aliyoweza. Wapo wazee wa mtaa hadi leo wanaweza kukuonyesha plot baada ya plot ambako kulikuwa na matanga.

Sheria ilibadilishwa 2010, chang'aa ikaruhusiwa ikitengenezwa kwa leseni na kuuzwa kwa chupa iliyofungwa, isiyopungua mililita 250. Lakini wasee wa njia za mkato hawakuisha. Mei 2014 makumi wengine walikufa kaunti kadhaa kwa sumu ile ile.

Methanoli ni mbaya kwa sababu huwezi kuigundua kwa ulimi wala pua. Inalewesha kama pombe ya kawaida. Madhara yanakuja baadaye, saa 12 ama hata siku nzima: kichwa, tumbo, kutapika, macho kuona ukungu. Ukiona mtu hivyo, usimwambie alale hangova itaisha. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa iko lakini inashinda ikianzwa mapema. Maziwa haisaidii. Limau haisaidii. Na hakuna kokteli duniani inayoweza kuosha pombe mbaya. Minti na sukari zitaificha tu.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ya kokteli ya keja si barafu. Ni chupa. Nunua iliyofungwa, kwa duka unalojua, yenye stempu ya KRA, na unaweza kuikagua hiyo stempu kwa simu na programu yao ya Soma Label. Kama bei imeanguka kuliko kawaida mpaka unashangaa, shangaa kweli, uiwache.

Julep ya Tom, kwa keja ya mabati

Uzuri wa Mint Julep ni kwamba haihitaji vifaa vya Westlands. Old Fashioned inataka yale matone machungu, ambayo ni ghali na hayapatikani kila duka. Julep haiyataki. Tom alitumia kikombe kikubwa cha fedha, ile madini. Wewe una kikombe cha chuma ama cha bati, kile cha chai. Kinafanya kazi hiyo hiyo, kwa sababu chuma hupitisha baridi haraka, na ukikoroga vizuri utaona nje yake inafanya ukungu mweupe kama dirisha la asubuhi. Glasi haikupi hiyo.

Utahitaji wiski vijiko vinne vya kula, yaani kama mililita 60, ama toti mbili za baa. Tom alikuwa anamimina zaidi, lakini wateja wake walikuwa na madereva. Bourbon ndiyo yenyewe, ila wiski yoyote halali inaingia. Sukari kijiko kimoja cha chai. Maji vijiko viwili vya chai. Minti shada dogo, mama mboga akikosa sokoni atakuletea ukimwambia siku moja mapema. Ukipata lenye mizizi, lipande kwa mkebe wa rangi uliooshwa vizuri, minti humea kama magugu.

Halafu barafu, na hapa usicheze. Maji ya mtungi yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo umpe jirani mwenye friji akugandishie kwa pakiti safi. Baridi haiui kipindupindu. Pombe ya kokteli pia haiui, imechanganywa mno.

Weka sukari na maji kwa kikombe, koroga hadi sukari iyeyuke yote. Fanya hivi kabla ya pombe, kwa sababu sukari haiyeyuki vizuri kwa pombe wala kwa baridi, itakaa chini kama mchanga. Funga barafu kwa kitambaa safi, piga na mchi hadi iwe vipande vidogo kabisa. Jaza kikombe. Mimina wiski. Koroga, koroga, usiwe na haraka, hadi kikombe kianze kukuchoma mkono kwa baridi. Ongeza barafu juu ikizama.

Mwisho ni minti, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Video nyingi zinaonyesha watu wakiitwanga majani hadi yanakuwa kama sukuma ya juzi. Tom alionya wazi kwa kitabu chake: usiiponde. Majani yakipondwa yanatoa uchungu wa nyasi. Yapige kofi moja tu kati ya viganja yaamke, halafu yasimamishe juu ya barafu karibu na mahali pua itagusa. Ladha ya minti kwa julep huingia kupitia pua.

Robo moja ya mililita 250 inatoa vikombe vinne kwa kipimo hiki. Mbogi ya wanne, kikombe kimoja kila mtu, kinakunywewa polepole barafu ikiyeyuka, na stori zinaenda saa nzima. Hesabu hiyo ukiilinganisha na glasi moja ya Westi utajua kwa nini Tom aliandika kile kitabu. Na kama hunywi, weka maji ya tangawizi na limau mahali pa wiski, kikombe kitafanya ukungu vile vile.

Kitu cha kubeba kutoka kwa maisha ya huyu mzae si jinsi ya kulewa. Mukuru ina mafundi wa kutosha: wa kuchoma vyuma, wa kushona, wa mandazi, wa nywele, wa kupika kila kitu. Wengi wanafanya kazi za wadosi kwa mikono yao na majina yao hayajulikani hata kwa lango la kampuni. Tom aliishi hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba siku moja alikaa chini, akaandika anachokijua, kipimo kwa kipimo, akaweka sahihi. Klabu ilikuwa ya wazungu, lakini mkono unaokumbukwa ni wake.

Ukikutana na kikombe cha baridi wikendi hii, mkumbuke. Uwe umefikisha miaka 18, usiendeshe nduthi baada yake, na kabla ya kila kitu, angalia chupa.